Kidonda cha Ndani ya Eda

Kidonda cha dada yangu kilikuwa kidogo kiasi kwamba watu walinicheka kwa kukitazama. Kilikuwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa mgongo, juu kidogo ya kiungo cha kati, na hakikuzidi punje ya mchele. Ningekiona siku hiyo tu nisingeuliza kitu. Lakini nilikuwa nimekiona Ijumaa iliyotangulia, na Ijumaa ya nyuma yake, na kila mara kilikuwa pale pale. Hakikufunga wala hakikuoza. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa na weusi wa zambarau, kama ya kidole kilichobanwa na mlango.

Mimi ni fundi wa majokofu, naishi mjini, mtaa wa Ufukoni. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vya mtumba na kwenye simu, na nimejizoesha kutokubali jambo mpaka nijue limetoka wapi. Tabia hiyo inasaidia kazini. Katika familia hainisaidii kitu.

Dada yangu alikuwa amekaa eda. Mumewe alifariki masika yalipokuwa yanaanza, na kwa desturi ya ukweni kwake mjane hatoki uwani mpaka miezi minne na siku kumi itimie, labda augue au nyumba iungue. Kijiji chao kiko upande wa mlango wa Ruvuma, pale mikoko inapoanza kabla mto haujaisha. Nyumba yake na ya mama mkwe wake, naye mjane, zinatazamana ndani ya ua mmoja wa makuti. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya sala, nilipanda pikipiki nikaenda kumsabahi, nikakaa naye kivulini akisuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Dada ni msukaji. Mikeka yake watu wanaiagiza kutoka mjini, na kidole kile cha shahada ndicho kinachoukunja ukili kila unapogeuka. Kikifa kidole, mkeka umekufa.

"Leo daktari wa mafriji kaja na vifaa?" mama mkwe aliniuliza aliponiona nimeinamia ule mkono.

"Nimekuja na macho tu, mama."

"Macho hayaponyi. Sogea huko."

Akatoa kidonge cha rangi mbili kutoka kwenye fundo la kanga, akakifungua katikati kama mtu anayepasua karanga, akaumwaga unga wote juu ya kidonda. Ndivyo wanavyofanya wengi huku kwetu. Dawa ya kumezwa inageuzwa poda, kidonda kinapata ganda jeupe, na kila mtu anaridhika.

"Unaona? Kimekauka."

"Kimekauka juu, mama. Chini kuna kitu."

"Wewe ulitaka kikauke wapi? Kisogoni?"

Dada alicheka mpaka ukili ukamponyoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia jinsi alivyouokota, kwa kidole gumba na cha kati, huku kile cha shahada kimesimama pembeni kama mgeni.

Zahanati alikuwa ameshakwenda. Walimsafisha vizuri, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakampa vidonge. Muuguzi aliuliza amejikata na nini. Akasema kisu, alikuwa anamenya muhogo. Jibu hilo likaandikwa, na tangu hapo kila aliyemtibu alikuwa anatibu kisu.

Nililala na jambo hilo wiki nzima bila kujua linanisumbua nini. Nilikuja kulipata nikiwa kazini, nakata mpira kwa wembe. Dada yangu hatumii mkono wa kushoto. Anayemenya kwa kulia muhogo huushika kwa kushoto, na akijikata hujikata huko huko kushoto. Hawezi kujikata mgongoni mwa kidole kinachoshika mpini.

Ijumaa iliyofuata nilingoja mama mkwe aingie ndani kusali alasiri.

"Dada, kisu ulikishika mkono gani?"

"Mkono gani tena? Huu."

"Na kidonda kiko mkono gani?"

Aliutazama mkono wake, halafu akautazama mlango wa mama mkwe. "Una maneno wewe," akasema. "Mtu mzima na ndevu zake, anakaa kuhesabu mikono ya watu."

Nikanyamaza. Dada hawezi kuvumilia kimya. Namjua tangu utotoni.

"Ilikuwa bamvua kubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Maji yalikupwa yakaenda mbali sijapata kuona. Mama alikuwa shambani kwenye mikorosho. Nikawasikia wenzangu wanapita nyuma ya ua, wanacheka, ndoo zinagongana. Nikajiuliza, mimi nimekufa au amekufa mume wangu?"

"Kitoweo kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Mashemeji walileta dagaa."

"Sasa ulifuata nini?"

"Nilifuata bahari."

Alitokea kwenye pengo la ua, akajitanda kanga ya mtu mwingine, akaenda kwenye mikoko kuchokoa kombe wa kitoweo. Kwenye mizizi ya mikoko hunasa chaza, na magome yao ni makali kuliko wembe. Aliteleza, akajishikiza kwenye mzizi, gome likamkata. Damu ilitoka kidogo. Akakitumbukiza kidole kwenye dimbwi la maji yaliyosimama ili damu ikate, akaendelea na kazi. Kombe alizopata aliwagawia wenzake njiani, akarudi uwani mikono mitupu kabla mama mkwe hajarudi.

"Wakisikia watasema sikumlilia," akasema. "Watasema kaburi halijakauka, mjane yupo baharini anacheka. Ukisema, usiniite dada." Nikaapa kwamba sitasema.

Miezi mingi baadaye nilimuuliza shehe mmoja, bila kutaja mtu. Akaniambia mjane mwenye haja anaweza kutoka mchana akarudi kwake. Akaniuliza ni haja gani. Nikamuaga, maana "nilifuata bahari" si haja ya kupeleka kwa shehe.

Usiku ule nilisoma. Nilikuwa najua kidogo juu ya bakteria wa maji ya bahari, kwa sababu kwenye soko la samaki ninakotengeneza majokofu watu hupata vidonda visivyoeleweka. Nilianza na wale wa haraka, wanaopenda maji ya vuguvugu yaliyochanganyika chumvi kidogo, kama ya mlango wa mto. Hao wakiingia kwenye jeraha, mkono huvimba na kuota malengelenge kwa muda mfupi sana, homa hupanda, na mwenye ini bovu anaweza kufa. Dada hakuwa hivyo. Halafu nikakuta wengine, wa polepole, ndugu wa mbali wa wadudu wa kifua kikuu. Hao huchukua wiki kabla hata hawajajionyesha. Hukaa chini ya ngozi, hutengeneza kinundu, kisha kingine juu yake, kwa mstari, kupanda mkono. Dawa za kawaida hawazijali. Kila nilichosoma kilirudia jambo moja: ugonjwa huu hugunduliwa pale mgonjwa anapoulizwa kuhusu maji na samaki, naye akajibu kweli.

Niliizima simu nikakaa kitandani nimekasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nilijaribu njia za pembeni. Nilimwambia dada aende zahanati aseme alichomwa na mwiba wa samaki jikoni. Akasema samaki wote huandaliwa na mama, muuguzi anatoka kijiji hicho hicho, jioni habari ingekuwa kisimani. Nilimwambia twende mjini mimi na yeye tu. Akasema mjane haendi mjini bila mtu wa ukweni, hata akiwa na kaka yake. Alibadilishiwa vidonge. Vikaisha. Kidonda kikabaki.

Siku niliyokaribia kuvunja kiapo ni siku niliyokuta beseni. Mama mkwe alikuwa ameagiza dumu la maji ya bahari, ameyapasha moto, na dada amekaa mbele yake kautumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo.

"Chumvi inavuta uchafu," mama mkwe akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Sisi tumekulia humu. Ukijikata, bahari ndiyo dawa. Nyie wa mjini mnakwenda dukani kununua kile ambacho Mungu amekimwaga bure."

"Mama, jeraha huoshwa kwa maji safi na sabuni."

"Maji safi yana nini? Hayana hata ladha."

Dada alinitazama. Anajua kunisoma, na aliona ulimi wangu uko wapi. Akatikisa kichwa mara moja, taratibu, mkono ukiwa bado ndani ya maji yale yale yaliyomdhuru. Nikatoka nje nikaipangusa pikipiki ambayo haikuwa na vumbi.

Kabla mwezi haujaisha kikatokea kinundu cha pili, nyuma ya kiganja. Kisha cha tatu, juu ya kifundo. Ukipitisha kidole ulivisikia vimepangana chini ya ngozi kama shanga, vikielekea kwenye kiwiko. Kidole chenyewe kilivimba kikakataa kukunjwa. Dada akaacha kusuka. Alisema amechoka na ukili, lakini nilimwona akiukunja kwa siri kwa mkono wa kushoto, akiufumua, akiukunja tena.

Hapo hata mama mkwe aliogopa. Akasema twende hospitali mjini, na yeye atakuja.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, si mtu wa pwani, mwenye subira. Aliupima mkono mpaka kwapani. Akauliza maswali yote ambayo nilikuwa nimeomba kimoyomoyo aulize. Unafanya kazi gani? Unalima? Una paka? Unafuga samaki? Unakwenda baharini?

"Nipo eda," dada akajibu.

Kwa jibu hilo daktari akaliacha swali. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya dada, mkoba mapajani. Mimi nilisimama mlangoni nikisoma bango la malaria, mstari ule ule, mara nyingi. Walikata kipande kidogo cha nyama wakakipeleka maabara, na daktari akampa vidonge vingine. Tuliporudi kwa majibu, daktari alisema hakuna kilichoota.

"Hakuna kilichoota," akarudia, "lakini kitu kipo. Dawa nilizompa zingekuwa zimefanya kazi kwa vidonda vingi. Nikienda hivi hivi, itabidi tupasue kidole tukisafishe mpaka ndani, pengine zaidi ya mara moja. Na sijui nasafisha nini. Mishipa inayokunja na kunyoosha kidole iko karibu sana na hapa."

"Mtakata kidole?" dada akauliza.

"Sijasema hivyo. Nasema sijui."

Nilimgeukia mama mkwe. "Mama, nje kuna chai nzuri. Twende nikununulie."

"Chai nitakunywa kwangu."

"Na mandazi."

"Meno yenyewe yako wapi? Nenda wewe."

Nikarudi mlangoni. Daktari alitutazama sote watatu, mmoja baada ya mwingine, akaweka kalamu chini. Akamwambia dada, bila ukali, "Mama, nakuuliza tena, na sitakulaumu kwa chochote. Kuna bahari katika habari ya kidonda hiki? Au samaki, au chaza, chochote cha majini?"

Dada akainamisha kichwa. Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, kwa sababu mama mkwe alinitangulia.

"Mwambie ulikokwenda," akasema.

Dada akainua kichwa, akamtazama.

"Mwambie, mwanangu. Siku ya bamvua. Ulikuwa unanuka shombo mpaka mlangoni, nikawasha ubani nyumba nzima ili mashemeji zako wakija wasisikie. Moshi ulinitoa machozi. Wao wakadhani namlilia mwanangu." Akamgeukia daktari. "Mimi nilijua kaenda kuchokoa. Sikujua kakatwa huko. Aliniambia kisu, nami nikaamini kisu."

Dada alianza kulia. Kisha akaeleza yote: mzizi, gome, dimbwi. Daktari aliandika upesi upesi, na kadiri alivyoandika uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepata funguo alizokuwa akizitafuta akiwa na haraka.

Alitueleza kwa maneno mepesi. Mdudu anayemshuku anapenda ubaridi, ndiyo maana hukaa vidoleni, mbali na joto la kifua na tumbo. Maabara huotesha vipimo katika joto la mwili wa mtu, kwa kuwa wadudu wengi wanaotusumbua hupenda joto hilo. Huyu katika joto hilo haoti. Lazima maabara waambiwe wapunguze joto na wangoje kwa wiki nyingi, na watu wa maabara huambiwa kile ambacho mgonjwa amesema.

"Kwa hiyo kile kipimo cha kwanza..." nikasema.

"Kilikuwa sahihi kwa swali tulilouliza," akajibu.

Akachukua kipimo kingine. Hakungoja majibu; akaanzisha dawa mbili, akasema zitamezwa kwa miezi, na hata ngozi ikipona zisiachwe. Moja ya hizo ni ile ile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu, inayogeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa. Akarudia mara mbili kwamba haambukizi mtu, hata kwa kula sahani moja.

Nje, kwenye benchi, nikashindwa kujizuia.

"Mama, ulijua tangu siku ile ile. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa namsitiri."

"Unamsitiri huku mkono unaoza?"

"Wewe ulijua?" akaniuliza.

Nikamtazama dada. Dada akatazama viatu vyake.

"Haya," mama mkwe akasema. "Mimi nilikuwa namsitiri, wewe ulikuwa unamsitiri, yeye alikuwa anajisitiri. Sasa unampigia nani kelele hapa hospitali?"

Na wakaanza kucheka, wajane wawili hao, wamebanana kwenye benchi, mmoja akimfuta mwenzake machozi kwa pembe ya kanga. Mama mkwe akasema alivyonuka siku ile, hata paka alimfuata mpaka chooni. Dada akasema ubani wenyewe nusura umuue. Nilikwenda kuchukua dawa dirishani peke yangu, na kwenye foleni nilikuwa natetemeka kwa hasira kiasi kwamba aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kama nina homa.

Vidonge vilikuwa na vita vyake. Viliposhika, dada alikuwa anatapika asubuhi, na jirani mmoja, kwa kuuona mkojo wa rangi ile chooni, alitangaza kwamba mjane ana kifua kikuu. Mama mkwe akamfuata mlangoni kwake akamweleza kuhusu chaza, mikoko na bamvua, kwa sauti ambayo nyumba nyingi zilisikia. Siri tuliyoilinda miezi ile yote aliimaliza mwenyewe katika asubuhi moja, na kijiji hakikuanguka. Mashemeji walinuna. Mmoja alisema neno baya, wakamnyamazisha. Eda ikaisha, dada akaoga, akatoka, na watu wakaja kula pilau kama kawaida. Niliyatazama yote hayo nikaona ule mlima tuliokuwa tumeuogopa, na jinsi ulivyokuwa mdogo. Hakuna kilichoniudhi kuliko hicho.

Kipimo cha pili kiliota. Daktari alitupigia simu kutuambia, na alikuwa na furaha, nami nikamshukuru. Vinundu vya mkononi vilitangulia kusinyaa, kuanzia cha juu. Kidonda kikafunga, safari hii kutoka chini kuja juu, bila ganda. Weusi wa zambarau ukabaki doa.

Kidole hakikurudi. Kiungo cha kati hukunjika kidogo tu, cha mwisho hakikunjiki kabisa. Siku ya kumaliza dawa, daktari alikivuta na kukisukuma, akampa mazoezi ya kufanya kwenye maji ya uvuguvugu, akasema ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ala ya mshipa. Dada alitoka kwenda kunawa. Nikabaki na swali langu.

"Daktari, kama maabara wangeambiwa kwenye kipimo cha kwanza, kidole kingekunjika?"

"Hilo siwezi kulijua."

"Kwa makadirio."

"Hata kwa makadirio."

"Au kama ingejulikana zahanati, mwanzoni kabisa?"

Alifunga faili. "Baba, dada yako ana mkono," akasema. "Wapo ambao hawakurudi nao."

Najua alinijibu vizuri. Lakini mimi ni mtu ninayetaka kujua jokofu lilianza kuvuja lini, na hadi leo nasumbuka na hesabu ambayo sina tarakimu zake. Kuna siku iko mahali fulani, katikati ya bamvua ile na ule mchana wa beseni, ambayo neno moja lingekiokoa kidole. Siijui ni ipi. Pengine nilikuwa nimekaa naye kivulini siku hiyo hiyo, tunazungumzia bei ya korosho.

Ijumaa iliyopita nilimkuta anasuka. Amebuni namna ya kuukunja ukili kwa kidole cha kati, kile cha shahada kimenyooka mbele kinaelekeza ukutani. Kazi inakwenda kwa nusu ya kasi yake ya zamani, na ukingo wa mkeka unatoka umelegea, anaufumua anaurudia. Mama mkwe alikuwa anamkatia ukindu. Nikaanza tena kusema kwamba laiti tungekwenda mjini mapema.

"Inuka," dada akaniambia.

"Nimesema nini?"

"Umekalia mkeka. Nataka kuugeuza."

Nikainuka. Akaugeuza, akakaa upande wa pili, akatafuta pale alipoachia, na kwa muda mrefu hakupapata.